Cannon Fodder: Gemu ya vita ambayo kila anayekufa ana jina

KABLA hujafyatua risasi hata moja, gemu hii inakuonyesha kilima.

Ni kilima cha nyasi za kijani, na chini yake vijana wamepiga foleni wakisubiri kuandikishwa jeshini. Huwezi kuwatofautisha kwa sura. Ni vichwa vidogo tu, vyote sawa. Unaingia misheni, unapoteza askari wawili, unarudi. Kilima ni kilekile, lakini sasa kuna makaburi mawili juu ya nyasi. Foleni haijapungua. Kwa kweli imeongezeka, maana kila misheni inaleta makurutu wengine 15.

Hiyo ndiyo Cannon Fodder, gemu ya Uingereza iliyotoka mwaka wa 1993. Jina lenyewe ni maneno ya kale ya Kiingereza yenye maana ya “chakula cha mizinga”: wale wanajeshi wa cheo cha chini wanaosukumwa mbele ili wafe wao, wakubwa wapate kusherehekea ushindi.

Unaweza kujiuliza, mbona tuzungumzie gemu iliyozaliwa kabla yako wakati simu yako imejaa Call of Duty, PUBG na Free Fire? Sababu ni moja. Katika gemu hizo zote, ukipigwa risasi unakufa, unasubiri kidogo, unarudi. Hakuna anayekumbuka ulikufa mara ngapi. Hii hapa iliamua kukumbuka kila mmoja, na hilo likazua kelele hadi kwenye magazeti ya Uingereza.

WALIOIUNDA

Kampuni iliyoitengeneza iliitwa Sensible Software, iliyoanzishwa mwaka wa 1986 na vijana wawili, Jon Hare na Chris Yates. Kama una mjomba anayependa gemu za kandanda, muulize kuhusu Sensible Soccer ya mwaka wa 1992. Vichezaji vidogo kama chungu, unaviona kutoka juu, na mpira unaokwenda kasi ajabu. Ni hao hao.

Wale wachezaji wadogo wa soka ndio utakaowaona hapa, ila sasa wamevishwa magwanda na kupewa bunduki. Hata ubao wa matokeo pale kilimani umeandikwa kama wa mechi: mwenyeji na mgeni. Badala ya mabao, unahesabu maiti.

Gemu ilitengenezewa kwanza kompyuta ya Amiga na kuchapishwa na Virgin. Mwaka wa 1994 ikaanza kuhamia kwenye konsoli: Mega Drive ya Sega, Super Nintendo, 3DO, na Jaguar ya Atari. Mwaka wa 2000 ikaingia hata kwenye Game Boy Color, ile ya kushika mkononi. Tathmini hii inalenga zaidi toleo la Mega Drive, kwa sababu ndilo rahisi kuliendesha kwenye simu ya kawaida kupitia emuleta.

Kitu kimoja cha kuchekesha: waundaji walijiweka wenyewe mbele ya foleni. Askari wako wa kwanza kabisa ni Jools na Jops. Jools ni jina la utani la aliyeandika programu ya gemu, na Jops ni Jon Hare mwenyewe. Nyuma yao anakuja Stoo, aliyechora picha, na RJ, ambaye ni mtunzi wa muziki Richard Joseph. Kwa hivyo, ukizembea dakika ya kwanza, umewaua mabosi.

INACHEZWAJE?

Wataalamu huiweka gemu hii kwenye kundi la mkakati wa papo kwa papo. Usiogope jina. Fikiria drafti, lakini hakuna zamu. Unaposukuma kete yako, mwenzako naye anasukuma zake zote kwa wakati mmoja, na hakusubiri ufikirie.

Unaongoza kikosi kidogo. Unawaona kutoka juu wakitembea kwa mstari mmoja nyuma ya kiongozi wao. Unasogeza alama kwenye skrini, unabonyeza kitufe kimoja na wanakwenda hapo. Kitufe kingine, wanafyatua risasi kuelekea hapo. Risasi haziishi. Guruneti na roketi zinaisha, tena haraka, na ndipo akili inapoanza kufanya kazi.

Kwa nini? Kwa sababu nyumba na vibanda vya adui haviangushwi kwa risasi. Vinahitaji mlipuko. Na kibanda kisipolipuliwa, kinaendelea kutema askari mmoja baada ya mwingine bila kikomo. Unaweza kusimama hapo ukiwafyatulia hadi usiku, hutamaliza. Kwa hivyo kila guruneti unayoirusha ovyo kwenye kichaka ni kibanda kimoja ambacho hutaweza kukibomoa baadaye.

Halafu kuna kugawanya kikosi. Unaweza kuwa na vikundi hadi vitatu: Snake, Eagle na Panther. Unapogawanya, unaamua pia nani abebe nini: guruneti zote, nusu, au asibebe chochote. Hapa ndipo mchezaji mzuri anapojulikana. Mgeni hutembea na kundi zima kama matatu iliyojaa. Bomu moja likianguka katikati, misheni imekwisha. Mwenye uzoefu hutuma mtu mmoja au wawili mbele kupeleleza, na wenzao wenye silaha nzito wanabaki mahali salama. Wapelelezi wakianguka, inauma, lakini kazi haijaharibika.

Mazingira nayo yana hila zake. Askari anapoogelea hawezi kufyatua risasi, kwa hivyo mto mwembamba unaweza kuwa kaburi la watu wanne. Kuna mchanga unaomeza watu. Kuna mitego iliyofichwa. Ukilipua kibanda ukiwa karibu, vipande vinavyoruka vinaweza kukuangukia na kumuua mtu wako mwenyewe. Unaanzia msituni, unapitia theluji na jangwa, na baadaye unaendesha jipu, kifaru, hata helikopta. Toleo la asili lina misheni 24, nyingi zimegawanywa katika awamu kadhaa.

Kazi unazopewa ni nyepesi kwa maandishi: ua maadui wote, bomoa majengo, okoa mateka, linda raia. Nyepesi kwa maandishi tu.

WANAPANDISHWA CHEO, KISHA WANAKUFA

Askari akinusurika misheni, anapanda cheo. Akipanda cheo, anapiga vizuri zaidi. Kwa hivyo gemu inakupa sababu ya kumtunza.

Lakini hisia yenyewe haitoki kwenye takwimu. Inatoka kwenye jina. Jools aliyevuka nawe misheni sita si sawa na kurutu aliyefika jana, hata kama wote wana ukubwa wa punje ya mchele kwenye skrini. Ukimtuma kurutu mbele badala ya Jools, umefanya hesabu ambayo makamanda wa kweli huifanya: nani ana thamani, nani ni wa kutupwa. Hakuna anayekulazimisha. Unajikuta tu umeshaifanya, na kidole chako hakikusita.

Misheni ikiisha, unaonyeshwa orodha ya waliokufa. Majina yanapita moja moja na muziki wa taratibu. Katika gemu nzima kuna majina zaidi ya 300 kwenye foleni. Hakuna linalorudi. Aliyekwenda amekwenda, na kaburi lake linabaki pale kilimani ukiliona kila unapoanza misheni mpya.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wa wachezaji wa sasa watashtuka kulikuta kwenye gemu inayofanana na katuni. Adui hafi kila mara papo hapo. Wakati mwingine anaanguka, damu zinamtoka, anagaagaa akilia, na analia hadi umpige risasi nyingine. Unaweza kumwacha na kuendelea na safari, lakini utamsikia. Wimbo wa kufungulia gemu ni wa furaha, wenye mahadhi ya kuchezesha kichwa, ukisifu jinsi vita vilivyo vitamu. Halafu unakutana na huyu anayelia kwenye nyasi. Mtu hahitaji kuelezwa kejeli iko wapi.

UA JEKUNDU LILILOZUA BALAA

Nchini Uingereza, kila Novemba watu huvaa ua dogo jekundu kifuani. Ni ua la mpopi, ukumbusho wa wanajeshi waliokufa tangu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Maua hayo yanahusishwa na shirika la kusaidia wanajeshi wa zamani, Royal British Legion, ambalo huyauza ili kuchanga pesa.

Waundaji wa Cannon Fodder waliweka ua hilo kwenye gemu yao, na gemu ikatoka karibu na siku zenyewe za ukumbusho. Shirika likakasirika. Gazeti la Daily Star likalivalia njuga suala hilo. Wanasiasa wakalaani. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wanageuza vifo vya mashujaa kuwa mchezo wa watoto na biashara.

Ua likaondolewa kwenye jalada la boksi. Ndani ya gemu likabaki, na ukiiwasha hadi leo unakutana na tangazo kwamba gemu hii haijaidhinishwa kwa njia yoyote na Royal British Legion.

Waundaji walisema gemu yao inapinga vita, haivishangilii. Ukiicheza unaona wanamaanisha nini. Lakini tuwe wakweli: waliolalamika nao hawakuwa wajinga. Ua ni alama ya kifo cha kweli, na hapa lilikuwa likiuza bidhaa. Unaweza kuwa na ujumbe mzuri na bado ukatumia machozi ya mtu mwingine kama tangazo. Hoja zote mbili zinasimama, na ndiyo maana ubishi huo unavutia hata miaka zaidi ya 30 baadaye.

NA SISI TULIKUWA WAPI?

Hapa kuna jambo ambalo msee wa Nairobi analo karibu kuliko waandishi wa Daily Star walivyokuwa nalo.

Vita hivyo vya ua jekundu vilipiganwa hapa pia, kati ya 1914 na 1918, Waingereza wakiwafukuza Wajerumani kutoka Kenya hadi Tanganyika na kwingineko. Hakukuwa na barabara za kutosha wala malori ya kubeba chakula na risasi. Kwa hivyo walibeba watu. Mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi, na kikosi chao kikaitwa Carrier Corps. Jina hilo mdomoni mwa watu likageuka Kariokor. Ndiyo, Kariokor hiyo hiyo unayokwenda kula nyama choma na kununua viondo. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo.

Wengi wa wapagazi hao hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu. Pale Kenyatta Avenue, jijini Nairobi, kuna sanamu za ukumbusho zilizozinduliwa mwaka wa 1928, na mpagazi yumo. Lakini sanamu haina majina.

Mwaka wa 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba waliofia Uingereza katika vita hivyo wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri.

Sasa linganisha. Gemu ya mwaka wa 1993, iliyolaumiwa kwa kuwakosea heshima wafu, ilimpa kila kijana wake wa kubuni jina na kaburi. Milki nzima, yenye makarani na madaftari, haikuwafanyia hivyo wanaume wa kweli. Sisemi gemu ina utakatifu wowote. Nasema kwamba ukimaliza misheni na kuona majina yale yakipita, una haki ya kuwafikiria wale ambao majina yao hayakuandikwa popote.

INAPOKOSEA

Tusiisifu hadi tukapofuka. Gemu ina makosa yake, na mengine ni noma.

Kwanza, vidhibiti. Ilibuniwa kwa kipanya cha kompyuta. Kwenye Mega Drive unasogeza alama kwa vile vitufe vya mshale, na alama inatambaa wakati adui anakimbia. Kwenye skrini ya simu ni shida zaidi, kidole chako kinafunika nusu ya uwanja. Ukiweza, unganisha padi ya kawaida, au cheza toleo la kompyuta.

Pili, ugumu unaruka bila kuonya. Misheni za mwanzo ni mteremko, kisha ghafla unakutana na awamu inayokula askari kumi na watano kabla hujaielewa. Baadhi ya mitego haionekani kabisa hadi ikuue. Hiyo si changamoto ya akili, ni kukariri tu. Unakufa, unakumbuka, unapita.

Tatu, askari wako hawana akili ya kutosha. Wanafuatana kwa mstari kama watoto wa shule, na wa mwisho akichelewa kwenye kona anabaki nyuma peke yake. Mara nyingi ndiye anayekufa.

Nne, na hili ndilo zito: adui hana jina. Upande wako una makaburi, vyeo na orodha. Upande wa pili una namba kwenye ubao wa mabao. Gemu inayotaka kutuonyesha kwamba kila mwanajeshi ni mtoto wa mtu ilisahau nusu ya uwanja. Au labda haikusahau, na hivyo ndivyo jeshi lolote linavyohesabu. Vyovyote vile, ni pengo, na ukishaliona huwezi kuacha kuliona.

UTAIPATA WAPI?

Njia safi ni duka la mtandaoni la GOG, ambalo huuza toleo la kompyuta la gemu hii na la pili yake, Cannon Fodder 2 ya mwaka wa 1994. Ni faili ndogo sana. Laptopu kuukuu ya chuo, ile inayolia kama posho mill ukifungua programu mbili, itaiendesha bila jasho.

Ukiwa na konsoli ya zamani au rafiki anayekusanya kartriji, tafuta ya Mega Drive. Kwenye simu kuna emuleta nyingi, lakini kumbuka kwamba gemu bado ina mwenyewe. Haki za Sensible Software zilinunuliwa na Codemasters mwaka wa 1999, na Codemasters nayo ikanunuliwa na EA mwaka wa 2021. Kupakua kopi ya bure kutoka tovuti usiyoijua ni kukaribisha virusi na pia ni wizi.

Kuna pia Cannon Fodder 3, iliyotengenezwa na kampuni ya Urusi bila timu ile ya mwanzo. Ina picha nzuri zaidi. Usijisumbue nayo kabla ya kucheza ya kwanza.

UAMUZI

Michoro: 7/10. Midogo, lakini unaelewa kila kitu kwa jicho moja.

Sauti: 9/10. Vaa spika za masikioni.

Vidhibiti kwenye konsoli: 5/10. Kwenye kompyuta: 9/10.

Mkakati: 8/10. Inakufunza kugawanya nguvu na kutunza akiba.

Kwa jumla: 8/10.

Inamfaa nani? Anayependa kufikiri haraka, asiyechoka kurudia, na aliyechoshwa na gemu zinazomwomba pesa kila dakika tano. Hapa hakuna ngozi za bunduki za kununua wala matangazo. Haimfai mtoto mdogo, hata kama inafanana na katuni. Damu ipo, na kilio kipo.

Ushauri wa mwisho kwa anayeanza: usiwape majina yao mgongo. Kabla ya kila misheni, soma nani yuko kwenye kikosi. Utacheza polepole zaidi, utapeleleza zaidi, utatupa guruneti chache zaidi, na utafika mbali kuliko yule anayekimbilia mbele akijua foleni bado ni ndefu.